Shangazi wa Familia Namba Moja

Nchi yetu ina amani tele, na yeyote mwenye ushahidi wa kinyume ameombwa aupeleke dirisha namba nne, ambalo hufunguliwa siku za sikukuu. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, maana mimi si mwoga, ni mtumishi wa umma. Ni kwamba jina lenyewe liko kwenye kamati, linafanyiwa maboresho, na sipendi kuandika leo kitu kitakachonilazimu kukifuta kesho.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Makao ya Taifa ya Watoto Yatima, tawi la wilayani kwetu. Nina umri wa miaka thelathini na minne, nina miwani, na kwa barua rasmi ya serikali mimi ni babu. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa.

Makao yetu yalikuwa na yatima sitini na wanne, na sitini kati yao walikuwa na wazazi, au bibi, au mjomba mahali fulani. Asishangae mtu. Wahisani walitujengea bweni lenye vitanda sitini na vinne, na kitanda kitupu ni aibu kwa taifa. Wilaya nzima ilipotafutwa, wakapatikana yatima wanne tu waliokamilika. Serikali ikaweka lengo, watendaji wa kata wakagawiwa kila mmoja fungu lake, na ndani ya miezi mitatu vitanda vyote vilikuwa na watoto. Mtukufu Mlezi wa Taifa alitutumia cheti cha pongezi, chenye fremu.

Mmoja wa waliotimiza lengo hilo alikuwa Siwatu, mtoto wa kike wa miaka saba. Mama yake, Mwajabu, alikuwa amelazwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo, na mtoto kamwacha kwa jirani. Mtendaji wa kata yao alikuwa amekwisha kupata yatima kumi na mmoja, akadaiwa wa kumi na mbili, na ripoti ilitakiwa Ijumaa. Akamwandika mama kuwa amefariki. Mwajabu alipotoka hospitali, anatembea amejishika mshono, akakuta mtoto hayupo na cheti cha kifo chake yeye mwenyewe kimegongwa muhuri, tena muhuri mpya, unaosomeka herufi zote. Alikwenda kulalamika. Akajibiwa kwa upole kwamba sheria zetu si za kikatili, kifo kinaweza kufutwa wakati wowote, mradi marehemu alete barua kutoka kwa mtendaji aliyemwandika. Mtendaji huyo, kwa uchapakazi wake, alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa wizarani, ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa mbovu.

Basi sisi pale Makao tukawa tunamwita Marehemu. Si kwa dharau, ndivyo faili linavyosema. Alifungua banda la vitumbua ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, na vitumbua vyake, Mungu ni shahidi, vilikuwa vikavu pembeni, laini katikati, na vyenye iliki ya kutosha. Kila asubuhi nilimwambia, "Marehemu, nifungie vinne," naye akanifungia. Kisha nikaingia ofisini kuandika barua za kutafuta ndugu wa watoto. Kwa miaka miwili niliandika barua kumi na saba za kumtafuta jamaa yeyote wa Siwatu, na nakala zote zina alama za mafuta ya vitumbua.

Siwatu mwenyewe alikuwa mtoto mpenda usafi kupita kiasi. Wenzake walikimbia zamu, yeye aliomba kufagia mbele ya lango kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Alifagia mpaka ardhi ikaanza kuingia bonde. Mlinzi wetu alimwachia afagie hata mara tatu kwa asubuhi moja. Niliandika kwenye faili lake: "Ana kipaji cha usafi." Upande wa pili wa barabara Marehemu naye alikuwa na tabia ya kukaa ameelekea kwetu, hata pale moshi ulipomfuata usoni.

*

Sasa Mtukufu alisafiri nje, na huko, kati ya supu na nyama, mwenyeji wake akamuuliza kwa nini watoto wa nchi yake wanaishi kwenye mabweni ilhali wana watu wao. Mtukufu alitabasamu kwa dakika nzima. Alipopanda ndege akatia saini agizo: ndani ya siku mia moja, kila mtoto awe kwenye familia.

Waziri wa Familia, Mheshimiwa Dakta Ludovina Sekwao, alilisoma agizo redioni kwa saa moja na robo. "Mtoto ni mtoto," alisema, "familia ni familia, na serikali ni serikali. Hivyo vitatu vikikaa pamoja, ndugu wananchi, tunapata mpango mkakati." Tulipiga makofi, ingawa ilikuwa redio.

Mkuu wetu, Bwana Yusto Kapalata, hakupoteza muda. Ni mtu wa vitendo. Alituita kikaoni akasema: "Agizo linataka watoto wawe kwenye familia. Halikusema watoto wahame. Ni rahisi zaidi kuihamisha familia." Siku ya nne, fundi akaja na ngazi, akang'oa bango la zamani akapachika jipya: FAMILIA NAMBA MOJA, KARIBU NYUMBANI, HAKUNA KUINGIA BILA KIBALI. Mkuu akatuma taarifa wizarani kwamba utekelezaji umefika asilimia mia moja, na zimebaki siku tisini na sita.

Wizara ikafurahi, ikatuletea kitabu kiitwacho Mwongozo wa Familia ya Mfano, kilichotungwa na wataalamu waliozunguka vijijini wakiuliza watu wanavyoishi. Kina dibaji ya Mheshimiwa Waziri na picha yake akiwa amebeba mtoto wa mtu. Mwongozo unataka kila familia iwe na baba, mama, mjomba, babu na shangazi, wote wakiwa na barua za uteuzi. Bwana Kapalata akajiteua Baba. Mama akawa Bi Leokadia wa stoo, aliyepinga kwamba nyumbani ana mume mkali, akaambiwa hii ni ya kikazi. Dereva akawa Mjomba. Mimi nikawa Babu kwa sababu ya miwani. Ikabaki nafasi ya Shangazi, na mtumishi aliyebaki alikuwa mmoja tu.

Huyo ni mlinzi wetu, koplo mstaafu Nangomwa, mwanamume wa futi sita, mwenye masharubu ambayo watoto wadogo huyaomba ruhusa kuyashika. Alipoitwa jina alisimama, akapiga saluti.

"Majukumu ya kazi hiyo ni yapi, mkuu?"

"Yote yamo kwenye Mwongozo," alisema Bwana Kapalata, akimsukumia kitabu. "Kasome."

Katika utumishi wa umma, mtu akiambiwa "kasome" anaelewa kwamba kikao kimeisha. Nangomwa alikuwa mwanajeshi. Alikwenda akasoma.

*

Jumamosi ile Marehemu hakupika. Alivuka barabara amevaa gauni la kutokea na kanga mpya, mkononi ana mfuko wa plastiki, akaingia ofisini.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba," alisema Bwana Kapalata. "Pole sana kwa msiba."

"Msiba upi tena?"

"Wa kwako."

Mwajabu aliliacha hilo lipite, alikwisha kulizoea. "Nimekuja kumchukua mwanangu, mkuu. Redio imesema watoto warudi kwenye familia zao."

"Ameshafika kwenye familia tangu Alhamisi. Hukuona bango?"

"Nimeliona. Lakini mkuu, mimi ndiye niliyemzaa."

"Hilo hatubishani nawe," alisema Bwana Kapalata, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, namsifu kwa hilo. "Ila hebu fikiri kama mzazi. Umtoe mtoto kwenye familia yenye baba, mama, mjomba, na babu huyu hapa mwenye miwani, umpeleke kwa marehemu? Moyo wako utakubali?"

Mwajabu alinitazama mimi. Nikashughulika na stepla.

"Basi mpeni hivi," alisema mwishowe, akatoa kwenye mfuko viatu vya kanda vyekundu. "Namba yenyewe nimekadiria kwa macho, kutoka kule ng'ambo. Kama vinambana mniambie."

Niliviandikisha kwenye daftari la mali zilizopokelewa.

*

Jumatatu mlango wa ofisi ulifunguka bila hodi. Aliingia Nangomwa, sare ya ulinzi chini, kanga ya mkewe begani, Mwongozo kwapani.

"Kaka," alimwambia Bwana Kapalata, "ugali wa jana ulikuwa mbichi. Na watoto hawapakwi mafuta. Unawalea hivi, watu watasemaje?"

Bwana Kapalata aliniagiza niandike barua ya onyo. Nilipofika mstari wa pili Nangomwa aliweka Mwongozo mezani, ukurasa wa arobaini na saba, akasoma kwa sauti ya gwaride: "'Shangazi huingia nyumbani kwa kaka yake bila hodi. Hukosoa mapishi. Hukosoa malezi.' Natekeleza, mkuu."

Tuliichana barua. Wiki ile nzima alitukosoa. Bi Leokadia alisemwa mpaka akaanza kuwachana watoto nywele. Mimi nilisemwa kwamba babu gani huyu hana hata hadithi moja ya sungura, na kweli sikuwa nayo, nikawasimulia watoto historia ya wizara.

Ijumaa shule zikafungwa. Nangomwa akaja tena.

"Kaka, namtaka Siwatu. Namchukua likizo."

"Umchukue umpeleke wapi? Mtoto ni wa serikali!"

"Mtoto ni wa kaka yangu," alisema Nangomwa, akalowesha kidole, akafungua ukurasa. "'Shangazi akimtaka mtoto wa kaka yake kwa likizo, hakataliwi. Haulizwi anampeleka wapi. Haulizwi atamrudisha lini. Kaka akibisha, shangazi huketi mlangoni akalia kwa sauti mpaka majirani wajae.'" Akafunga kitabu. "Mkuu, mimi sijalia tangu nilipotoka depo ya jeshi. Lakini maandishi ni maandishi."

Bwana Kapalata alibisha. Ndipo Nangomwa akatoka, akaketi kizingitini, akavua kofia, akaanza kulia. Alilia kama alivyofunzwa kufanya kila kitu, kwa mpangilio: sauti nne ndefu, pumzi, sauti nne ndefu. Majirani wakajaa. Wanawake wakauliza kulikoni. "Kaka yangu ananinyima mtoto!" alilia koplo mstaafu, na pale hakuna aliyetazama masharubu yake. Kwetu jambo hilo halina mzaha. Mama mmoja wa makamo alimnyooshea Bwana Kapalata kidole kupitia dirishani: "Wewe baba, una laana? Dada yako huyo! Atakapokufa utamzika kwa uso gani?"

Bwana Kapalata alivumilia dakika kumi na moja. Niliziandika.

Nangomwa akamshika Siwatu mkono, akavuka naye barabara. Ni hatua ishirini na mbili, niliwahi kuzipima kwa ajili ya ripoti ya uzio. Mwajabu alikuwa akikoroga unga, akasimama upawa ukiwa bado mkononi. Siwatu, katika viatu vyake vyekundu, alisimama wima, mikono nyuma, akasema kama tunavyowafundisha kusema wageni wakija: "Shikamoo. Karibuni sana. Sisi hatujambo."

Nilifunga dirisha. Nilikuwa na kazi nyingi.

*

Mlango ukishafunguka kwa shangazi haufungiki. Jumamosi alichukua watoto sita, Jumapili wanane. Kila mmoja alimpeleka kwao, kwa mama, kwa bibi, kwa mjomba fundi cherehani ambaye kwa miaka miwili aliambiwa aje wiki ijayo. Wale wanne wasio na mtu duniani aliwapeleka nyumbani kwake, kwa mkewe, kwa kuwa yeye ndiye shangazi yao na barua anayo. Baada ya siku tisa bweni lilikuwa na vitanda sitini na vinne na paka.

Na hapo ndipo Mheshimiwa Waziri alipokuja kuikagua Familia ya Mfano, na magari kumi na manne, matarumbeta, na kamera. Bwana Kapalata alimpokea na nishani zake zote kifuani.

"Watoto wako wapi?"

"Mheshimiwa, wako… wako likizo. Kwa shangazi yao."

"Shangazi gani mwenye watoto sitini na wanne?"

Nangomwa akajitokeza, sare, kanga, saluti. Bila kuulizwa akasoma ukurasa wa arobaini na saba, na alipomaliza akageuza kitabu, waandishi wa habari wakaona dibaji na picha. Mheshimiwa Waziri aliitazama picha yake. Kisha akazigeukia kamera.

"Ndugu wananchi, mmeona wenyewe! Familia bandia watoto wake hawana pa kwenda. Familia hii watoto wameitwa na shangazi! Huu ndio ushahidi wa mwongozo wetu!"

Tukapiga makofi. Lakini kamera zilipozimwa alimwinamia Bwana Kapalata sikioni, nami nikiwa karibu na kalamu yangu.

"Jumanne ijayo wahisani wanakuja kuwapiga picha watoto waliotoka kwenye makao. Nataka wote sitini na wanne wawe hapa, kila mmoja kwenye kitanda alichotoka, ili ionekane wametoka."

"Na baada ya picha, Mheshimiwa?"

"Baada ya picha ni mwaka mpya wa fedha. Mnafikiri lengo la vitanda limefutwa?" Akapanda gari. "Shangazi haulizwi atarudisha lini, sawa. Babu je? Mwongozo unasema nini kuhusu babu?"

Mwongozo hausemi kitu kuhusu kazi za babu. Nikatumwa mimi.

*

Nilipewa Fomu ya Kurejesha Kilichotoka, nakala sitini na nne, ile ile tunayotumia kwa madawati. Nilianza na Siwatu, kwa kuwa faili lake lilikuwa juu. Kwa mama yake ni chumba kimoja chenye baraza, nyuma ya mashine ya kukoboa. Mwajabu alikuwa anapika vitumbua barazani. Aliponiona na fomu alijua. Aliendelea kumimina unga.

"Karibu, karani. Kaa hapo kwenye kigoda. Umekuja kumchukua?"

"Ni kwa ajili ya picha tu," nilisema.

"Picha." Alimimina vishimo viwili, vitatu. "Ngoja nikwambie kitu kabla hujaandika. Siku ya kwanza nilipika wali. Nikamwambia mwanangu njoo ule. Akachukua sahani, akasimama pale, mlangoni, amenyooka, kimya. Nikasema njoo basi. Haji. Nikamwuliza, unangoja nini? Akaniambia, nangoja foleni ifike. Foleni ya nani, karani? Yuko peke yake."

Foleni ile ya chakula niliipanga mimi, na iliwahi kutajwa katika ripoti ya mkoa.

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nilichukua sahani nikapanga nyuma yake. Tumesimama hapo sisi wawili, wali unapoa, majirani wanachungulia wanafikiri nimerukwa na akili. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima tunapanga foleni mlangoni. Akimaliza kula anaosha sahani anaiweka kifuani, anangoja kuhesabiwa. Nikawa namhesabu. Mmoja, nasema. Ndipo anakwenda kulala." Akajifuta jasho kwa kiganja. "Sasa nyinyi mrudisheni, halafu siku moja mtaniletea mtu mzima anayengoja kuhesabiwa."

Wakati anasema hayo, Siwatu alitokea upande wa nyuma, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, mkufu wa mbegu shingoni. Hakunisalimia. Hakumwona mtu. Alipita mbio kando ya jiko, akachomoa kitumbua kwenye ungo, cha moto, akakirusha mkono huu na mkono ule, akakiingiza mdomoni chote.

"Wewe mtoto!" Mwajabu alimpiga kofi la mkononi. "Hivyo ni vya watu! Nimekukataza mara ngapi? Na mikono yenyewe umetoka kuchezea matope!"

"Kimoja tu, mama," alisema Siwatu, mdomo umejaa, anacheka, anatema mvuke.

"Kimoja! Asubuhi ulikula vitano! Toka hapa kabla sijakuchapa na mwiko huu!"

Siwatu akatoka mbio, na alipofika kwenye kona ya nyumba akarudi, akachukua kingine.

Nilikaa pale kwenye kigoda na fomu magotini. Mimi ni mtu wa ofisi, na machozi yangu huwa nayatunza kwa misiba ya viongozi, lakini siku ile yalinitoka kama ya mtoto, nikasema ni moshi. Kisha nikafungua kalamu. Fomu ina kipengele cha sababu za kutorejeshwa, nacho kina majibu manne ya kuchagua: kimeibwa, kimepotea, kimevunjika, hakifai. Nikaweka tiki kwenye la nne, na kwenye maelezo nikaandika kwa mwandiko wangu bora:

"Mtoto amekaguliwa na Babu. Anachukua chakula bila foleni. Anaongea chakula kikiwa mdomoni. Akikaripiwa anacheka na kurudia kosa. Hajui tena kungoja kuhesabiwa. Akirejeshwa ataharibu nidhamu ya wengine. Afutwe kwenye orodha ya vitanda."

Nikagonga muhuri mara tatu, na zikawa zimebaki fomu sitini na tatu, na Jumanne ilikuwa bado iko mbali. Mwajabu alikuwa akinitazama mkono, anajaribu kusoma maandishi kichwa chini miguu juu.

"Umeandika nini, karani?"

"Kwamba hafai, Mama Siwatu."

"Hafai?"

"Hafai makao. Hawezi kurudi."

Alinikazia macho. "Hafai hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ameharibika kabisa."

Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na vitumbua vyote saba vikaungua kikaangoni.